Dakika Kumi za Kapata

Kosa la kwanza la Omer Mwenze mjini Kolwezi lilikuwa neno moja tu, na alilisema kwa sauti, sokoni, mbele ya watu, Jumamosi saa nne asubuhi.

Soko lenyewe liko kando ya barabara iendayo Mutoshi. Hapo ndipo malori makubwa ya migodi yakishachoka hukatwakatwa na kugeuka bidhaa: radieta, minyororo, viti, vioo, chochote chenye uzito. Omer alifika akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mtu hufanya hivyo wiki ya kwanza tu Kolwezi, maana vumbi letu jekundu halina adabu, na kufikia saa nne lilikuwa limeshamaliza kazi kwenye kola yake. Alikuwa akitafuta turbo ya lori la mgodini, ile konokono ya chuma inayosukuma hewa ndani ya injini. Aliiona moja tu, nayo ilikuwa mikononi mwa msichana.

Msichana alivaa ovaroli la bluu, mikono ya ovaroli ameifunga kiunoni juu ya fulana nyeupe, na kichwani kilemba cha kitenge cha njano kilichokaa kwa madaha, utadhani anatoka pale kwenda harusini. Alikuwa ameuma mpini wa bisibisi, ncha yake ameigusisha kwenye turbo, na kwa vidole viwili anauzungusha mhimili polepole huku amefumba macho. Omer hakuwahi kuona mtu anayesikiliza chuma kwa meno. Wala hakuwahi kuona meno mazuri namna ile.

"Samahani, dada. Unauza hii?"

Msichana alitoa bisibisi mdomoni. "Ee, nauza."

Omer akafurahi, akatoa noti zake, akanyoosha mkono. Msichana alizitazama zile noti, akamtazama mwenye noti, kutoka viatu hadi nywele.

"We unanipa franga ya nini? Mi na we tunajuana?"

"Si umesema unauza?"

"Nauza. Sasa nimeshalipa, nauza, njo yangu."

Mwenye meza, kijana mnene aitwaye Merdi, alikuwa chini ya mwavuli wake akicheka mpaka machozi. Alipopata pumzi alimweleza mgeni kwamba hapa kwetu kuuza ni kununua, na anayetoa mali mkononi huyo anauzisha. Na "njo yangu" ni "ndiyo yangu": dada huyu ni mteja tu, tena amemtangulia. Omer akajificha nyuma ya noti zake kwa aibu. Msichana naye akaona huyu mtu wa Kiswahili cha redio ana haya, na haya kwa mwanaume ilimpendeza, ingawa hakukusudia kumwonyesha.

Kwa hiyo alimuuliza anatoka wapi. Omer akasema alizaliwa Moba, kaskazini, lakini vita vilimvusha ziwa akiwa na miaka minne, akakulia Kigoma na kusomea injini za ndege Dar es Salaam. Sasa ameletwa Kolwezi kwa kazi, kwenye karakana ya mzee mmoja, Tata Lukusa, huko Kapata. Msichana akaipakia turbo begani.

"Njo we injinia yenye Kinshasa balitutumia," alisema. "Mi ni Mignonne Kapinga. Njo mi natumika kwa Tata Lukusa. Beba basi upande moja, juu ni ya sisi bote."

Lazima niseme mambo yalivyokuwa, maana wengi hawakuamini na wengine walicheka. Nchi ilikuwa imeamua kuunda ndege yake mpya ya kivita, ndogo na nyepesi. Bawa na kiwiliwili vilikuwa vinashughulikiwa mahali pengine. Injini ndiyo iliyowashinda watu. Basi kamati iliyoundwa kwa mradi huo ikampa Tata Lukusa na mafundi wake, wastaafu wa migodi waliobaki katika zile safu za nyumba za kampuni huko Kapata, mwaka mmoja watengeneze injini ya ndege ya kipimo cha robo. Ikizunguka kwa kasi kamili dakika kumi bila kusimama, injini kubwa itaundwa hapa hapa. Ikishindwa, zitanunuliwa nje, nazo zitakuja zimefungwa kwa lakiri, na mkataba utakataza mtu wa hapa kuzifungua.

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma Mignonne. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Baba yake alikereza vyuma vya mgodi miaka thelathini na moja, akamfundisha binti yake mashine kabla hajamfundisha baiskeli. Siku ya kwanza karakanani Omer alipomuuliza kwa nini anafanya kazi kama mtu anayegombana, alijibu bila kuinua uso kwenye mashine.

"Cobalt, ile madini, inatoka hapa mu mifuko. Inaenda kule, inarudia ndani ya moteur, na banatuambia: usifungue. Kitu ya kwetu, na mi nikatazwe kufungua? Hapana. Tutafanya yetu, na tutaifungua siku yenye tutapenda."

Omer alimpenda saa ile ile. Ilimchukua wiki sita kulisema, kwa sababu alikuwa mtu wa kupima kwanza.

Miezi ile ilikuwa mitamu. Mchana walikula bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye benchi moja, Mignonne akimcheka anavyoiita ugali, yeye akimcheka anavyotia "njo" kila mahali. Gurudumu la mapanga, lile linalozunguka katikati ya moto, walilimimina mara nne kwa chuma chenye cobalt, na mara nne likapasuka. La tano lilitoka zima. Omer alikuwa amegundua siri yake: likishapoa lazima lirudishwe tanuruni mara ya pili, polepole, kwa muda wa saa nane, ndipo chuma kitulie. Jioni walipigiana simu hata kama walikuwa wameachana nusu saa iliyopita. "Mukubwa, umefika?" "Nimefika, mpenzi." "Umekula?" "Bado." "Sasa unangojea nani akukulie?" Mambo ya namna hiyo, ambayo ukiyasikia kwa mwingine unachoka, na yakiwa yako huyachoki.

Ijumaa moja jioni Mignonne alikuwa akikaanga samaki, simu ameibana begani. Alimwambia Omer kwamba Jumapili baada ya misa baba yake anataka kumwona, waje wale pamoja. Kwa binti wa Kapata, hilo si jambo dogo.

"Jumapili hii siwezi, mpenzi," Omer alisema. "Bibi yangu anaumwa miguu. Inabidi nimpeleke hospitali."

Mignonne aliondoa kikaango motoni. "Bibi yako."

"Ndiyo. Alifika wiki jana kutoka Kigoma, sasa tunakaa wote hapa Manika. Sikukwambia?"

"Haukuniambia."

"Basi nimesahau. Lakini yeye nimeshamweleza habari zako zote. Amefurahi mno, anasema nikulete akuone. Mtapendana, nakuhakikishia."

Hapa nisimame kidogo. Kigoma na Dar es Salaam, bibi ni mama aliyemzaa mama yako au baba yako. Kolwezi huyo tunamwita kambo. Bibi wa mtu, Kolwezi, ni mke wake. Omer alikuwa amekaa nasi miezi minane na hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba hajui.

"Omer, sikia muzuri," Mignonne alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia kupita kiasi. "Mi sitakuwa deuxième bureau ya mutu."

Kongo nzima inajua deuxième bureau ni nini: ni mwanamke wa pembeni, nyumba ndogo ya mume wa mtu. Omer alijua Kifaransa cha vitabu tu. Kwake hayo yalikuwa maneno mawili, ofisi ya pili, na kamati ilikuwa imefungua ofisi ya pili Lubumbashi mwezi ule ule, tena wiki ile walizungumzia kumpeleka Mignonne huko akafundishe wakerezaji. Akadhani anakataa uhamisho. Moyoni alishukuru, maana hakutaka aende.

"Kama hutaki, hutaki," alisema kwa upole wote alionao. "Usijali kabisa. Nitatafuta mwingine, wako wengi tu."

Simu ikakatika. Haikupokelewa tena usiku ule wala kesho yake.

Wiki mbili hazikupita, zilikokotwa. Mignonne alikuja kazini mapema kuliko wote na kuondoka bila kuaga. Omer alijaribu kumwuliza mara tatu, na mara tatu Mignonne aliwasha mashine ya kukereza ili asisikie. Basi naye akanuna. Alijiambia kwamba mwanamke anayeweza kukuacha bila hata kukupa sababu, ni heri uachwe naye mapema. Alilisema hilo kioo kikimtazama, na kioo hakikuamini. Mawasiliano yao yakawa chaki kwenye ubao: "Mafuta yamekwisha." "Mhimili uko tayari." Tata Lukusa aliusoma ubao huo kila asubuhi, akaguna, akaenda kunywa chai yake.

Katikati ya kimya hicho gurudumu la sita, lililo bora kuliko yote, lilitoka kwenye kalibu. Mignonne alidhani Omer amelirudisha tanuruni, kwa kuwa tanuru ni lake. Omer alidhani Mignonne amelirudisha, kwa kuwa alilikuta limesafishwa na kuwekwa mezani. Hakuna aliyeandika chochote ubaoni. Likafungwa kwenye injini.

Wiki hizo mbili zilipotimia, Jumapili, siku mbili kabla ya kamati kufika kuipima injini, mwaka waliopewa ukiwa unaisha, Mignonne aliamua kwamba amechoka kuonewa akiwa amekaa. Alivaa kitenge cha buluu na dhahabu, blauzi yenye mabega yaliyotuna, viatu virefu, rangi ya mdomo nyekundu kabisa. Kama anakwenda kumwambia mwanamke mwenzake "chukua bwana yako", basi mwanamke huyo atamwona vizuri wakati akimwambia. Alipanda pikipiki mpaka Manika, akauliza nyumba, akaingia uani bila kubisha.

Palikuwa na kikongwe mmoja juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, anachambua maharage.

"Mama, jambo. Niko natafuta bibi ya Omer."

"Umempata, mwanangu."

Mignonne alitazama mlangoni nyuma ya kikongwe. "Hapana, mama. Bibi yake mwenyewe. Yenye alitoka Kigoma."

"Ni mimi niliyetoka Kigoma. Na nilitapika kwenye meli mpaka Kalemie."

"We?" Mignonne alisema. "Omer alikuoa we?"

Kikongwe aliacha maharage. Alimtazama msichana, kitenge, viatu, rangi ya mdomo, na uso wake ukaanza kufunguka. Jina lake ni Mwadi. Alizaliwa Moba, na miaka yote ya Kigoma haikumsahaulisha maneno ya nyumbani.

"Mi najua bibi ya huku njo muke," alisema. "Ule mutoto njo hajui, alikomalia ng'ambo. Mi ni kambo yake. Na we njo Mignonne. Sasa juu ya nini unaniachia mutoto halali, hakuli? Wiki mbili anabakisha bukari mu sahani."

Mignonne aliketi chini, kwenye vumbi, na kitenge chake cha kuvaa harusini, akacheka mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Halafu kicheko kikageuka kilio, kwa sababu wiki mbili ni nyingi. Bibi Mwadi akamsogezea ungo, akamwambia alie tu, lakini mikono isikae bure.

Omer aliporudi kutoka dukani aliwakuta hivyo. Alisimama na mkate mkononi. Mignonne alimweleza bibi ni nani Kolwezi na deuxième bureau ni nini, na Omer akawa anabadilika rangi kwa kila neno.

"Kwa hiyo ulidhani nina mke, nataka nikuweke pembeni, na mke wangu amefurahi."

"Na ulisema utatafuta mwingine. Ati beko bengi."

"Wa kwenda Lubumbashi, Mignonne. Wa ofisini. Mimi sitaki mwingine wa kitu chochote. Nakutaka wewe, hata ukininunia mwaka mzima."

"Mwaka muzima ni mingi," alisema Mignonne akipangusa mashavu. "Leta ule mukate."

Jioni ile na kesho yake walikuwa na mengi ya kusemezana. Tanuru halikuwamo.

Jumanne kamati ilifika Kapata kwa magari matatu meupe. Iliongozwa na Madame Henriette Badibanga, mama mrefu mwenye suti ya rangi ya maziwa na miwani ya jua juu ya nywele, mtu asiyependa kupotezewa muda. Chini ya kwapa alikuwa na faili. Watu wa safu zote za nyumba walitoka na kujipanga kwenye uzio.

Injini ilikuwa imefungwa kwenye kitanda cha chuma nyuma ya karakana, ndefu kama benchi la shule. Omer alisoma vipimo, Mignonne alishika valvu ya petrole. Ikaanza kwa kukohoa, ikapiga mluzi, kisha mluzi ukapanda mpaka ukapotea ndani ya ngurumo iliyotikisa mabati ya nyumba za jirani. Nyuma yake moto ulikaa mdogo na wa buluu. Dakika tatu. Dakika tano. Wastaafu walivua kofia. Dakika ya nane, sekunde ya arobaini, kitu kilipiga ndani mara moja, pa, na injini ikafa.

Wastaafu walirudisha kofia kichwani. Mkono wa Mignonne haukuachia valvu.

Madame Badibanga alisubiri kwa adabu, kisha akafungua faili. Alisema amesikitika kweli. Alisema dakika kumi ni dakika kumi, na kwamba karakana itakabidhi funguo Jumatatu saa sita mchana. Akampa Omer karatasi aitie saini kama mhandisi wa mradi: injini ya namna hii haiwezi kutengenezwa nchini.

Kabla Omer hajaipokea, kulisikika mlio wa spana. Mignonne alikuwa amevaa glovu za tanuru na anafungua injini, ya moto vile vile, mbele ya wageni wote. Mtu wa kamati alimwambia aache. Hakuacha. Alitoa gurudumu kwa koleo, akalinyanyua kwenye jua. Panga moja lilikuwa limevunjika shinani. Alilitazama pale lilipokatika, akageuka.

"Omer. Haukuirudisha mu four?"

"Nilidhani wewe umelirudisha tanuruni."

Walitazamana. Kila mmoja aliziona zile wiki mbili za chaki. Mignonne akamgeukia mwenyekiti, na hakushusha sauti.

"Madame, cobalt haina kosa. Kosa ni yetu sisi babili, tuligombana, tukasahau kazi. Mi naikubali mbele ya bantu bote. Lakini angalia: imekufa saa hii, na saa hii tunajua ilikufa na nini. Ile yenye munaenda kuuza kule, yenye lakiri, siku itakufa, nani ataifungua? Mutaita nani? Siku sita, Madame. Yetu itazunguka."

"Sikupewa siku sita za kugawa, binti yangu," alisema Madame Badibanga. Hakulisema kwa ubaya. "Monsieur Mwenze, saini."

Omer aliiweka karatasi juu ya paja, akaandika, akairudisha. Madame aliisoma kwa sauti, bila kujua kama anasoma kwa hasira au la: "Ilisimama dakika ya nane na sekunde arobaini kwa kosa langu na la mwenzangu. Inaweza kutengenezwa nchini. Imetengenezwa."

"Unajua umeacha kazi," alimwambia.

"Najua, mama."

Magari yakaondoka. Mignonne alimsogelea Omer, akamkung'uta vumbi kwenye bega ambalo halikuwa na vumbi zaidi ya kwingine, akamwambia mpumbavu, sasa utakula nini. Akajibu kwamba kuna maharage. Tata Lukusa akafuta ubao wote kwa kiganja.

Siku zile sita hakuna aliyeandika kwa chaki. Walisemezana kila kitu kwa mdomo, hata yasiyo na maana: gurudumu limepoa, gurudumu limeingia, tanuru limefungwa, nimelifunga mimi, nimekuona ukilifunga. Baba yake Mignonne alikuja na kiti chake, akakaa mbele ya tanuru saa zote nane za kulirudisha gurudumu, asiondoke hata kwa chakula. Bibi Mwadi aliwapikia. Mtu hawezi kusema walikuwa na ruhusa ya kufanya walichokuwa wanafanya, na mimi sijutii kwamba hawakuiomba.

Jumatatu saa tano na dakika hamsini asubuhi waliwasha. Watu wa Kapata walikuwa kwenye uzio tena, safari hii na viti. Saa sita kasoro gari moja jeupe liliingia, akashuka Madame Badibanga, amefuata funguo. Alifika mpaka kwenye kitanda cha injini na kunyoosha mkono wake mbele ya Tata Lukusa. Mzee alionyesha masikio yake: hasikii. Na kweli, hakuna aliyekuwa anasikia kitu.

Ilikuwa dakika ya saba. Omer alikuwa amesimama bega kwa bega na Mignonne, na alikuwa na neno moja mdomoni tangu Jumanne. Alilisema. Mignonne aliona midomo tu ikicheza, akatikisa kichwa kwamba hakusikia. Akalirudia kwa kupiga kelele, likamezwa na ngurumo. Basi akamwashiria kwamba atalisema injini ikizimwa, dakika ya kumi ikitimia.

Dakika ya nane na sekunde arobaini watu walishikilia uzio. Ikapita. Ya tisa ikapita. Ya kumi ilipotimia wanawake walipiga vigelegele ambavyo vilionekana tu, havikusikika, na mkono wa Madame Badibanga, ambao ulikuwa bado umenyooshwa, ulirudi polepole, akatazama saa yake. Omer alimgusa Mignonne mkono wenye valvu: zima. Mignonne alikataa. Macho yake yalikuwa kwenye ule moto mdogo wa buluu, machozi yanatiririka, kidevu juu.

Kumi na moja. Kumi na tatu. Omer alingoja na neno lake. Madame alivua miwani kichwani, akakaa kwenye kiti alichopewa na mama mmoja wa safu ya tatu. Dakika ya kumi na saba petrole iliisha, na injini ikashuka yenyewe, ngurumo ikawa mluzi, mluzi ukawa pumzi, kisha kimya.

Omer alifungua mdomo.

"Ee," Mignonne alimwahi, kabla hajatoa hata sauti. "Nimeitika. Utakuya kuniposa kwa baba Jumapili, na kambo. Sasa lete petrole ingine."